Winchi ikikataa kuvuta, usikimbilie kununua mota

Leo tuweke PHP na MySQL kando kidogo, tuingie topeni. Habari hii nimekuwa nikiiahidi tangu masika ya 2024, na kila nikikaa kuiandika kazi za wateja zinanivuta upande mwingine. Sasa mvua inakaribia tena na simu zimeanza, kwa hiyo nimeona heri niandike mara moja, kila anayeniuliza nimwelekeze hapa.

Swali ninaloulizwa ni lile lile: "Winchi yangu inazunguka vizuri kabisa ikiwa haina mzigo, lakini nikiifunga kwenye gari lililokwama inalia 'ta' halafu inazubaa. Ninunue mota mpya?" Jibu fupi: subiri kwanza. Jibu refu ndilo hili.

Kwa wale ambao hawajaiona, winchi ni mota ya umeme iliyounganishwa na gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, pamoja na ngoma ya kuzungushia kamba ya chuma. Hufungwa mbele ya gari na hula umeme wa betri ya gari hilo hilo. Gari likikwama unavuta kamba hadi kwenye mti imara, unabonyeza rimoti, gari linajitoa lenyewe. Au unamtoa mwenzako.

Mtu wa Ndhiwa hahitaji kuelezwa tope ni nini, lakini wasomaji wa Nairobi na Dar wanivumilie. Sehemu kubwa ya Ndhiwa na bonde la Lambwe katika Kaunti ya Homa Bay, hadi Nyatike upande wa Migori kule Mto Kuja unakoingilia ziwani, ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono katika nyufa. Mvua ikinyesha chembe zake zinanyonya maji na kuvimba, na barabara inageuka gundi. Sasa juu ya udongo huo watu wamepanda miwa. Kampuni ya sukari ya SONY kule Awendo iliundwa mwaka 1976, na tangu hapo trekta na trela ya miwa ni sehemu ya maisha yetu. Muwa ukishakatwa haungoji. Kila siku unayokaa bila kusagwa sukari yake inapungua, na mkulima analipwa kidogo. Kwa hiyo trela iliyozama shambani ni pesa inayoyeyuka juani.

Hapo ndipo mjomba wangu alipopata kazi. Ana pikapu ya zamani yenye winchi mbele, na msimu wa mvua yeye ni mtu wa kuvuta waliokwama: matrekta, matatu, lori za mchanga, siku moja hata gari la harusi. Masika ya 2024, mvua ile iliyoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, ilipaswa kuwa msimu wake mzuri kuliko yote. Katikati ya msimu winchi ikagoma. Fundi mmoja akaipima, akasema mota imekufa. Bei ya mota mpya ilikaribia bei ya mtamba, na mtamba mmoja alikuwepo zizini.

Mjomba akanipigia simu nikiwa Migori mjini. "Okewa," aliniambia (kwa Kijaluo mjomba humwita hivyo mtoto wa dada yake), "wewe si mtu wa kompyuta? Njoo na ile mashine yako ya kupima umeme. Mnunuzi wa ng'ombe anakuja Jumamosi."

Nikapanda matatu Migori hadi Rongo, nyingine hadi Rodi Kopany, kisha boda boda hadi kwake. Njiani nilikuwa na multimita ya kawaida, mita kumi za waya wa spika, msasa, na brashi ya chuma. Basi.

Nataka niseme wazi kwamba yule fundi hakuwa mjinga. Alipima betri, ikasoma volti 12.7, yaani imejaa. Aliendesha winchi bila mzigo, ikazunguka. Akaweka multimita kwenye mlio na kugusa kila waya ncha hadi ncha, na kila waya ukalia. Betri nzima, nyaya nzima, kontakta inabofya. Kimebaki nini? Mota. Hesabu yake ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba vipimo vyote hivyo vilifanywa winchi ikiwa imepumzika, na ugonjwa wenyewe hutokea winchi ikifanya kazi.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Programu inakimbia kama swala kwenye kompyuta ya aliyeiandika, ikiwa na watumiaji wawili na rekodi kumi. Ikifika siku ya malipo, watu mia tano wanaingia kwa pamoja na mfumo unakwama. Ukirudi jioni kuupima hakuna mtu, na kila kitu kinafanya kazi. Unaweza kununua seva kubwa mara mbili na ugonjwa ukabaki pale pale, kwa sababu njia nyembamba haiko kwenye seva. Hitilafu ya mzigo hutafutwa ndani ya mzigo.

Sasa tuweke tarakimu. Winchi ya gari dogo, ikivuta kwa nguvu zake zote, hula ampea 300 hadi 400. Taa kubwa moja ya gari hula kama ampea 5. Georg Ohm alituachia kanuni mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni ampea mara ukinzani. Chukua kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.016. Winchi tupu, tuseme ampea 60, inapoteza hapo volti moja hivi na huwezi kugundua chochote. Winchi yenye mzigo wa ampea 200 inapoteza volti 3.2. Na volti hizo haziendi mbinguni, zinageuka joto: 3.2 mara 200 ni wati 640 kwenye bolti moja. Hiyo ni kama pasi ya umeme inayowaka mahali ambapo hakuna nguo.

Je, multimita yako inaweza kuona omu 0.016? Haiwezi. Multimita nyingi tunazonunua mitaani husoma hadi omu 0.1, na nyaya zake zenyewe zina ukinzani kuliko huo. Mlio nao unalia hata kama kati ya waya na chuma imebaki nukta moja tu inayogusana. Mlio unakuambia kuna njia. Haukuambii njia ni pana kiasi gani.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tuliweka pikapu mteremkoni ikitazama juu, tukapakia mawe nyuma, tukazungusha mkanda mpana kwenye shina la mkuyu mnene, tukafunga ndoano hapo. (Usizungushe kamba ya chuma yenyewe kwenye mti. Unaumiza mti na unaharibu kamba.) Injini ikiwa inanguruma, gia nyutro, mjomba akakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki kiasi cha kuipa winchi kazi. Waya wa spika niliutumia kurefusha ncha za multimita ili nisimame pembeni mbali, nyuma ya mlango, si karibu na kamba. Kisha nikawa naita vipimo na binti yake anaandika. Kila kipimo sekunde tano tu, halafu winchi inapumzika.

Betri, injini ikiwa inanguruma bila winchi: volti 14.1. Alteneta nzima.

Betri winchi ikivuta: volti 11.2. Si mbaya. Ingeanguka hadi 8 au 9, ningesema betri ndiyo mgonjwa, hata kama ilisoma 12.7 ikiwa imelala.

Kwenye vichwa vya mota winchi ikivuta: volti 7.4.

Hapo tukaangaliana. Betri inatoa 11.2, mota inapokea 7.4. Volti 3.8 zinaibiwa njiani. Mota iliyoambiwa imekufa ilikuwa na njaa tu.

Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi, kwa hiyo ugawe msako mara mbili. Ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye kichwa cha chanya cha mota, winchi ikivuta: volti 0.6 kwa njia nzima, na ndani yake kontakta ilikula 0.2 tu. Safi. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa mota: volti 3.2. Mwizi yuko upande wa athi.

Tukagawa tena. Hasi ya betri hadi chesisi, kidogo. Chesisi hadi bampa, kidogo. Bampa hadi mwili wa mota, karibu zote. Bampa ile ilikuwa imechomelewa upya mwaka uliopita baada ya kugongwa, ikapakwa rangi nzuri nyeusi, kisha waya wa athi wa winchi ukafungwa kwa bolti juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti peke yake, na kutu ilikuwa imeanza kuzila nazo. Tulipolegeza kamba na kugusa bolti ilikuwa moto, na ukisogeza pua unasikia harufu ya rangi iliyoungua.

Dawa: tulitoa waya wa betri kwanza, tukakwaruza rangi hadi chuma king'ae, tukasafisha ncha ya waya, tukakaza na nati mpya, tukapaka grisi juu ya kiungo ili maji yasiingie. Kisha Ijumaa mjomba akanunua waya mnene wa milimita mraba 35, urefu wa mita mbili, tukautoa moja kwa moja kutoka mwili wa winchi hadi hasi ya betri, ili tusitegemee tena rangi ya mtu yeyote. Waya wa shaba wa unene huo, kwa mita mbili, una ukinzani wa omu 0.001. Hata ukipitisha ampea 300 unapoteza volti 0.3 tu.

Tukapima tena mkuyu ule ule, mawe yale yale. Betri 10.9, mota 9.9. Angalia jambo moja la kuvutia: betri imeshuka zaidi kuliko mwanzo, kutoka 11.2 hadi 10.9. Ukiona hivyo usiogope. Njia imefunguka, mota inakula ampea nyingi zaidi, na ndiyo maana inavuta. Pikapu ilipanda mteremko na mawe yake. Jumamosi mnunuzi alikuja akanywa chai, akaondoka bila ng'ombe.

Haya, kabla hujafunga ukurasa huu, kuna mambo matatu ambayo watu hulaumu mota na kumbe mota haina kosa.

La kwanza ni tabaka za kamba. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi, tuseme kilo 4,300, ni ya tabaka la kwanza tu, kamba ikiwa karibu yote imetoka na imebaki mizunguko michache kwenye ngoma. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 64 na kamba ya milimita 8, tabaka la kwanza liko milimita 36 kutoka katikati. La nne liko milimita 60. Nguvu ya mota ni ile ile, mkono wa kuvutia umerefuka, kwa hiyo unabaki na 36 kwa 60, yaani asilimia 60: kama kilo 2,600. Watu wengi huweka gari karibu na aliyekwama ili kamba isitoke sana. Ni kinyume. Kaa mbali, toa kamba nyingi, ila bakiza angalau mizunguko mitano kwenye ngoma.

La pili ni kapi. Wavuvi wetu wa Mbita na Sori wanalijua kapi tangu zamani. Funga kapi kwenye mti, pitisha kamba, rudisha ndoano kwenye gari lako: nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unapungua nusu, na ampea zinashuka. Kwa trela iliyojaa miwa kwenye tope jeusi hilo ni lazima, maana tope linanyonya na mzigo unakuwa mzito kuliko ulivyo barabarani.

La tatu ni kupumzisha. Mota ya winchi haina nafasi ya kupoa kama feni. Vuta nusu dakika hadi dakika moja, pumzika, gusa mwili wa mota. Ukishindwa kuweka mkono, ngoja.

Ukitafuta maarifa ya winchi kwenye intaneti utashangaa jinsi mengi yanavyozungumzia theluji. Kule Kanada na kaskazini mwa Marekani watu hufunga plau ya theluji mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, na winchi ndogo ndiyo inayoinua na kushusha ile plau. Mtu anasukuma theluji uani, anainua, anarudi nyuma, anashusha, mara hamsini kwa asubuhi moja. Sisi hatuna theluji, lakini malalamiko yao ni yale yale: inabofya haiinui, inainua polepole, betri imekwisha. Betri ya pikipiki ile ni ndogo na injini haizalishi umeme mwingi ikiwa inanguruma polepole, hivyo kila kuinua kunakopa kutoka betri kuliko kunavyolipwa. Kamba nayo hutumika kipande kile kile kifupi kila mara, ikachakaa mahali pamoja. Na dereva akiendelea kubonyeza plau ikiwa tayari imefika juu kabisa, mota inakwama huku ikila ampea nyingi, hadi siku moja midomo ya kontakta inayeyuka na kushikana.

Hilo la mwisho lisome mara mbili, maana halijali theluji wala tope. Kontakta ikishikana, unaachia rimoti na winchi inaendelea kuvuta. Kwa hiyo weka swichi kubwa ya kukata umeme karibu na betri, mahali mkono unapofika bila kuvuka kamba. Kila mtu anayeshiriki ajue ilipo kabla kazi haijaanza.

Na hapa niseme lililonifanya niandike kuliko yote. Gari likikwama kijijini kwetu, kijiji kizima kinakuja kutazama, na watoto ndio wa mbele. Winchi dhaifu ina hatari ndogo. Winchi uliyoiponya inaweza kukaza kamba ya chuma hadi ikatike, na kamba iliyokatika inarudi kama mjeledi, haichagui. Ukitengeneza winchi ya mtu umempa nguvu ambayo jana hakuwa nayo. Mpe na masharti yake: watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka, hakuna kuiruka kamba, glavu za ngozi mkononi, gunia zito au koti lililolowa maji litupwe juu ya kamba katikati ili likipunguze kishindo chake ikikatika. Kamba yenye nyuzi zilizochomoza au iliyokunjamana haifai kuvutia, hata kama bado ni ndefu. Mjomba sasa ana kazi moja kabla ya kugusa rimoti: anamteua mzee mmoja wa pale pale kusogeza watoto, na havuti hadi mzee aseme tayari. Nguvu ya winchi yake imerudi, na huyo mzee ni kifaa kama kapi.

Kwa wenye haraka, huu hapa mpangilio wa kazi. Pima betri ikiwa imelala, volti 12.6 imejaa, 12.0 imekaribia kuisha. Pima betri winchi ikivuta. Pima mota winchi ikivuta. Toa moja kwa nyingine. Kama tofauti inazidi volti moja na kitu, gawa njia mara mbili, chanya na hasi, kisha gawa tena hadi umkamate mwizi kwenye kiungo kimoja. Kama mota inapata volti zake zote na bado haivuti, na kamba iko tabaka la chini, hapo sasa zungumza habari ya mota, gia au brashi za kaboni ndani yake. Utakuwa umetumia nusu saa na multimita ya bei ya kuku, na utajua unachonunua.

Wiki ijayo tukijaliwa turudi kwenye kodi. Kuna maswali ya SQL yamenisubiri. Anayekwenda Ndhiwa msimu huu aende na mkanda wa mti, kapi na viatu vya mpira. Mbaki salama.